Kumalizia Kisima Kwenye Mchanga Legevu: Mwongozo kwa Mombasa na Viunga Vyake

Ukichimba kisima Kisauni, Likoni au kuelekea Tiwi, kuyafikia maji si kazi ngumu. Kazi ni kuyapata bila mchanga. Chini ya jiwe la matumbawe, na kwingine bila jiwe lolote juu, kuna mchanga ambao haujashikana. Ukiuchota ukiwa mkavu unapita katikati ya vidole. Maji yake mara nyingi ni baridi, hayana chumvi, na hutiririka vyema. Lakini pampu ikianza kuvuta kwa nguvu, chembe nazo hufuata. Kwanza utaziona chini ya tangi, kisha mapanga ya pampu yanalika, halafu kisima kinajaa kutoka chini kwenda juu. Kikiachwa hivyo, ardhi iliyozunguka bomba hubaki na uwazi, na siku moja sakafu ya zege pale juu hupasuka na kuzama.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja anayelipa na fundi kijana anayesimamia kazi. Hoja yangu ni moja. Mchanga wa kwenye shimo lako ndio unaoamua ukubwa wa changarawe inayomiminwa kuzunguka bomba, na changarawe ndiyo inayoamua mianya ya bomba, ile inayoingiza maji. Hapa kwetu mambo hufanywa kinyume: mabomba yananunuliwa wiki moja kabla, changarawe inaletwa na lori la kwanza linalopatikana, kisha mashine inafika. Mchanga haukuulizwa.

Wahandisi wa visima vya gesi wanakutana na tatizo hili hili pale gesi inapokaa kwenye mchanga usioshikana, na kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu gesi hukimbia kasi kiasi cha chembe kukata kona ya bomba la chuma. Kanuni wanayoitumia sana kuchagua changarawe ilichapishwa na mhandisi R. J. Saucier mwaka 1974. Inahusu ukubwa wa chembe, kwa hiyo inafaa kisima cha maji pia, nami nitaitumia hapa chini.

Kwanza jua uko juu ya ardhi gani

Kisiwani, Nyali, Bamburi na Shanzu, jiwe la matumbawe liko juu. Lina mapango na mifereji ambamo maji hupita haraka, na uchafu hupita haraka vilevile. Ukisogea nyuma ya ukanda huo wa matumbawe unakuta mchanga, ule ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Kilindini na, juu kidogo kuelekea bara, wa Magarini. Huo ndio mchanga tunaouzungumzia. Ukifika Changamwe na Miritini hali inabadilika tena: kule chini ni tabaka za mwamba wa tope za enzi ya Jurasi, maji ni haba na mara nyingi yana chumvi. Kama kiwanja chako kiko huko, mwongozo huu hautakusaidia sana.

Mchanga si adui. Mji wa Mombasa hunywa maji ya chemchemi za Mzima na Marere, lakini pia ya visima vya Tiwi na Baricho, na hivyo viwili vya mwisho ni visima vya mchangani: Tiwi kwenye mchanga wa pwani, Baricho kwenye mchanga wa Mto Sabaki.

Hatua ya 1: Upimaji na kibali

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka upate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba, na ombi lako huambatana na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao wana karatasi zao. Usiione ripoti kama gharama ya bure. Mwambie mtaalamu waziwazi kwamba unataka kujua mambo matatu: mchanga unaanza mita ngapi, maji yamesimama mita ngapi, na maji ya chumvi yako wapi chini yake. Ripoti isiyojibu hilo la tatu, irudishe.

Jambo la chumvi lina hesabu yake. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo, na kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa geuza. Kama maji kwenye kiwanja chako yamesimama nusu mita tu juu ya usawa wa bahari, una kama mita 20 za maji baridi chini yake, basi. Na ukiyashusha kwa pampu robo mita na kuendelea hivyo kwa muda mrefu, chumvi inaweza kupanda karibu mita 10. Kwa hiyo anayekwambia "tushuke zaidi tupate maji mengi" karibu na bahari anaweza kukuharibia kisima kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 2: Chimba shimo la majaribio jembamba

Hapa ndipo tatizo la kununua mabomba mapema linapotatuliwa. Chimba kwanza shimo la inchi 6 hadi chini, chukua sampuli, zipime, kisha ndipo uagize changarawe na bomba la chujio, lile lenye mianya, na baadaye upanue shimo lile lile. Mwenye mashine atalalamika kwamba anapoteza siku. Weka siku hizo kwenye mkataba tangu mwanzo na ulipie. Ni ghali kidogo, lakini si ghali kama kuchimba kisima cha pili.

Kama juu kuna matumbawe, nyundo ya hewa hupita vizuri. Ukifika mchangani, hewa haifai: kuta zinaporomoka na mashine inatoa mchanga bila kikomo huku shimo likipanuka chini kwa chini. Weka bomba la kuzuia kuta kupita jiwe lote la juu, kisha endelea kwa kuzungusha na majimaji mazito ya kuchimbia. Napendelea majimaji ya polima inayooza yenyewe kuliko bentonaiti nyingi, ule udongo laini unaovimba majini. Bentonaiti hujenga gamba la udongo kwenye ukuta wa shimo, na gamba hilo likibaki nyuma ya changarawe litakuzuilia maji kwa miaka.

Shimo libaki limejaa hadi juu wakati wote, hata usiku. Uzito wa majimaji ndio unaoshikilia kuta. Mwachie mlinzi pipa na maagizo ya kujazia, maana kiwango kikishuka usiku kucha asubuhi mtakuta shimo limejifunika.

Sampuli: moja kila mita, na moja ya ziada kila unapoona rangi au ukubwa wa chembe umebadilika. Kumbuka mchanga huchukua dakika kadhaa kupanda kutoka chini, hivyo simamisha kushuka, acha majimaji yazunguke mpaka yatoke safi, ndipo uendelee mita inayofuata. Usioshe sampuli kwa fujo, kwani vile vidogo vinavyokwenda na maji ndivyo vitakavyokusumbua baadaye. Tia kwenye mfuko, andika kina kwa kalamu isiyofutika, panga kwa mstari kivulini.

Hatua ya 3: Chekecha

Hii hatua wengi huiruka, nami nitaikalia.

Kausha sampuli za zile mita unazokusudia kuchukulia maji. Pima gramu 500 kwa mizani. Ipitishe kwenye machekeche ya milimita 1, 0.5, 0.25 na 0.125, yakiwa yamepangwa kubwa juu. Maabara ya udongo ya ujenzi wanayo, na huhitaji kuyanunua. Tuseme umepata hivi:

Juu ya chekeche la 1: gramu 15
Juu ya 0.5: gramu 85
Juu ya 0.25: gramu 200
Juu ya 0.125: gramu 150
Lililobaki kwenye sinia: gramu 50

Sasa jumlisha kutoka juu. Chekeche la kwanza limezuia asilimia 3. Yale mawili ya kwanza pamoja, asilimia 20. Matatu, asilimia 60. Manne, asilimia 90. Ukichora kwenye karatasi ya grafu utaona kwamba nusu ya mchanga ni mkubwa kuliko takriban milimita 0.3 na nusu ni mdogo. Hiyo 0.3 ndiyo saizi ya katikati, na ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye kisima chako.

Namba ya pili ni mchanganyiko wa saizi. Chukua saizi ambayo asilimia 60 ya mchanga ni ndogo kuliko yenyewe, hapa kama 0.35, ugawe kwa saizi ambayo asilimia 10 tu ni ndogo kuliko yenyewe, hapa 0.125. Unapata 2.8. Namba ndogo maana yake chembe zinafanana. Kubwa maana yake zimechanganyika. Mchanga wetu wa pwani mara nyingi ni laini na unafanana, na mchanga wa namna hiyo hauwezi kujichuja wenyewe. Unahitaji changarawe. Kama mchanga ni mkubwa na umechanganyika vizuri, namba hii ikiwa juu ya 3 kwa mbali, unaweza kufikiria kuweka chujio bila changarawe, lakini sitakushauri hivyo kwa kisima cha nyumbani.

Ukikuta mita moja ina mchanga wa 0.3 na mita inayofuata ina wa 0.15, chagua kwa kufuata ule mdogo, au weka bomba zima, yaani lisilo na mianya, mbele ya ule mdogo na usichukue maji pale. Usifanye wastani.

Hatua ya 4: Changarawe

Kanuni ya Saucier: saizi ya katikati ya changarawe iwe mara 5 hadi 6 ya saizi ya katikati ya mchanga. Kwa mfano wetu, 0.3 mara 5 ni 1.5, mara 6 ni 1.8. Kwa hiyo unataka changarawe ya kati ya milimita 1 na 2. Ndogo kiasi hicho, ndiyo. Watu wengi wakiiona hawaamini, kwa kuwa wamezoea kuona kokoto za ukubwa wa punje ya mahindi zikimwagwa kisimani. Kokoto hizo haziwezi kuuzuia mchanga wa 0.3. Zinashikilia kuta tu, na mchanga unapita katikati yake kama kwamba hazipo.

Ukivuka mara 6 mchanga unaanza kuingia ndani ya changarawe na kuiziba, na ukivuka mara 10 unapita moja kwa moja. Ukishuka chini ya mara 4 unabana maji bila sababu.

Sifa nyingine ni tatu. Iwe ya mviringo, si ya kupondwa. Ifanane saizi, maana iliyochanganyika hujitenga ikishuka majini, mikubwa chini na midogo juu. Na iwe ya kwarzi, ile ngumu inayong'aa. Hapa Mombasa hili la tatu ndilo lenye mtego, kwa sababu kilicho karibu na cha bei nafuu ni kokoto za matumbawe na mchanga wa ufuoni wenye vipande vya makombe. Vyote ni chokaa. Huliwa pole pole na maji yenye asidi, kisha chokaa ile hujishikiza upya mahali pengine na kuziba mianya. Tena siku utakapotaka kusafisha kisima kwa asidi, changarawe yako itayeyuka pamoja na uchafu.

Jaribio ni rahisi. Chukua kiganja cha changarawe, osha, kausha, ponda kidogo kwa nyundo, tia kwenye glasi, mimina siki kali juu yake. Angalia kwa karibu, sikiliza pia. Kwarzi itakaa kimya chini ya glasi. Chokaa itatoa povu jembamba pembeni mwa kila chembe na kuendelea kufoka. Chembe moja moja zikitoa povu, sawa. Glasi nzima ikifoka, mrudishie mwenye lori mzigo wake.

Ioshe changarawe kabla haijaingia shimoni, mpaka maji yatoke meupe, kisha uitie klorini.

Hatua ya 5: Bomba, mianya na upana wa shimo

Mwanya wa bomba la chujio uzuie angalau asilimia 90 ya changarawe. Kwa changarawe ya milimita 1 hadi 2, mwanya wa 1 unafaa, na 0.75 ni salama zaidi kama huna uhakika na aliyeichekecha. Chujio linazuia changarawe, nayo changarawe inazuia mchanga. Anayejaribu kuzuia mchanga kwa mwanya mwembamba peke yake ataishia na bomba lililoziba.

Sasa urefu. Maji yanapoingia kwenye mwanya yasizidi kasi ya sentimita 3 kwa sekunde. Tuseme unataka lita 6,000 kwa saa, ambayo ni kama lita 1.67 kwa sekunde. Utahitaji eneo la wazi la sentimita za mraba 556 hivi. Bomba la inchi 6 la kiwandani lenye uwazi wa asilimia 8, ukichukulia nusu yake itazibwa na changarawe, linatosha kwa mita 2.6 tu, ukiweka mita 6 umejipa nafasi nzuri. Lakini bomba lililokatwa mianya kwa msumeno wa chuma hapo kiwanjani uwazi wake ni mdogo, pengine asilimia 2, na kwa bomba hilo ungehitaji zaidi ya mita 10 kwa kazi ile ile. Isitoshe mianya ya msumeno hailingani: huu mwembamba, ule mpana, na ule mpana mmoja unatosha kuingiza mchanga wote. Usikubali bomba la msumeno kwenye mchanga laini. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo jambo linaloharibu visima vingi ninavyoitwa kuvitazama.

Kwa malighafi, bomba la plastiki ngumu la kisima linafaa sana pwani. Chuma cha kawaida kinaliwa na chumvi. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri na ni ghali.

Upana wa shimo una mgogoro wake. Fundi atamwambia mwenye nyumba, "Mama, inchi nane yatosha, wote twawachimbia hivyo." Mama amjibu kwa hesabu. Bomba la inchi 6 kwa nje ni kama milimita 168. Shimo la inchi 8 ni 203. Kila upande panabaki milimita 17, na bomba likiegemea ukuta panabaki sifuri. Changarawe haitapita hapo, itakwama njiani na kuacha mapengo. Panua shimo hadi inchi 12: kila upande unapata karibu milimita 68. Kama mashine haiwezi inchi 12, punguza bomba liwe la inchi 4 au 5 na utumie pampu nyembamba. Afadhali bomba dogo lenye changarawe kamili kuzunguka.

Hatua ya 6: Kuteremsha na kumimina

Kabla ya kuteremsha, punguza uzito wa majimaji kwa kuzungusha maji safi taratibu mpaka yawe mepesi lakini shimo bado limejaa. Kutoka chini, panga hivi: kifuniko cha chini, mita 1 au 2 za bomba zima la kupokea mchanga utakaoanguka, bomba la chujio, halafu bomba zima hadi juu. Kila mita 6 hivi funga vyuma vya kuliweka bomba katikati ya shimo.

Usimwage changarawe kwa sepetu kutoka juu. Teremsha bomba jembamba la inchi moja na nusu kando ya bomba kuu mpaka karibu na chini, mimina changarawe pamoja na maji kupitia humo, na ulipandishe kadiri kiwango kinavyopanda. Na uhesabu. Nafasi kati ya shimo la inchi 12 na bomba la milimita 168 inachukua kama lita 51 kwa kila mita, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Kwa mita 20 ni ndoo 51, na ongeza robo kwa sababu mchanga huwa umemomonyoka hapa na pale. Mtu mmoja asimame na daftari, apige mstari kwa kila ndoo, na kila baada ya ndoo kumi apime kina kwa kamba yenye uzito. Kama hesabu inasema changarawe iwe mita 30 na kamba inagonga mita 22, imekwama. Simamisheni, zungusheni maji, itikiseni ishuke. Msiendelee kumimina mkitumaini itashuka yenyewe.

Ipande mita 3 hadi 5 juu ya mwisho wa chujio. Wakati wa kuosha kisima (Hatua ya 8) itajipanga na kushuka, na akiba hiyo ndiyo itakayofidia.

Hatua ya 7: Ziba juu

Usizibe kwa saruji kabla ya kuosha, ili uweze kuongeza changarawe ikishuka. Baada ya kuosha, weka mita 1 au 2 za bentonaiti ya vidonge juu ya changarawe, iache ivimbe, kisha rojo la saruji hadi juu. Mitaa mingi hapa ina vyoo vya shimo na matangi ya maji taka yanayonyonywa na ardhi, na kwenye matumbawe umbali wa mita 30 unaotajwa mara kwa mara si kinga ya kutosha. Pengo lililoachwa nje ya bomba ni mfereji wa kutoka chooni hadi kwenye maji yako. Malizia na sakafu ya zege yenye mteremko.

Hatua ya 8: Kuosha, pole pole

Lengo la kuosha ni kutoa gamba la kuchimbia na vumbi laini lililo karibu na chujio, na kuifanya changarawe na mchanga vikae kwa mpangilio. Maji yanapaswa kwenda na kurudi. Kuvuta upande mmoja tu hufunga chembe kwenye milango yake: zinabanana mithili ya watu kwenye lango la feri ya Likoni, na ukisukuma zaidi hazipiti.

Tumia pistoni yenye duara za mpira. Anza juu ya chujio kwa mipigo mifupi na laini, toa mchanga ulioanguka, kisha shuka kidogo kidogo mbele ya chujio na uongeze nguvu kadiri maji yanavyosafika. Ukianza kwa nguvu siku ya kwanza unaweza kuliponda bomba la plastiki. Kama ulichimba kwa polima, tia klorini uivunje kabla.

Kompresa inafaa, kwa sharti moja: mdomo wa bomba la hewa ubaki ndani ya bomba la kutolea maji, usitokeze mbele ya chujio. Hewa ikiingia kwenye mchanga laini hubaki humo kama vipovu na kuzuia maji.

Usitumie pampu yako mpya kuoshea. Itamaliza maisha yake katika wiki ya kwanza.

Endelea mpaka lini? Wengi huosha saa mbili wakaona maji meupe wakakunja kazi. Pima. Jaza pipa la lita 200 kisima kikiwa kinatoa kwa nguvu, tulia, mwaga maji taratibu, kusanya mchanga uliobaki chini, ukaushe, upime. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya nyumbani ni miligramu 5 kwa lita, kwa hiyo pipa zima lisiwe na zaidi ya gramu 1. Hiyo ni ncha ya kijiko cha chai. Pima dakika chache baada ya kuanza, kisha nusu saa, kisha saa mbili. Halafu zima, subiri, washa tena, upime tena, maana mshtuko wa kuwasha ndio unaofichua kasoro.

Hatua ya 9: Jaribio la pampu

Kwanza jaribio la ngazi: kiasi kidogo kwa saa moja au zaidi, ongeza, ongeza tena, mara nne hivi, ukiandika maji yameshuka kiasi gani. Kisha la kuendelea, kwa kawaida saa 24, na baada yake pima yanavyorudi. Pwani ongeza kipimo kimoja kila saa: chumvi, kwa kifaa kidogo cha kupima upitishaji umeme. Ikipanda polepole bila kusimama, punguza kiasi hata kama maji bado ni mengi. Mchanga ukianza kutoka kwenye ngazi ya tatu, basi kikomo chako ni ngazi ya pili.

Hatua ya 10: Pampu na matumizi

Pampu ikae ndani ya bomba zima, juu ya chujio. Ikiwa mbele ya chujio maji yote yatapita kwenye mianya michache iliyo mbele yake, kwa kasi kubwa, na mchanga utaanza hapo hapo.

Chukua asilimia 60 au 70 ya kile jaribio lilichoonyesha. Visima vya gesi vya mchangani hufunguliwa kwa ngazi ndogo ndogo, kwa subira, kwa sababu hiyo hiyo: mchanga huvumilia mwendo wa taratibu, hauvumilii mshtuko. Kama familia inahitaji lita 20,000 kwa siku, afadhali kuvuta lita 2,000 kwa saa kwa saa kumi kuliko 6,000 kwa saa tatu na kitu. Weka tangi kubwa, ili pampu isiwake na kuzima mara ishirini kwa siku. Kifaa cha kuiwasha mota pole pole kinalipa gharama yake, hasa kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi ghafla. Na kizuia-kurudi, ile vali inayozuia maji ya bombani yasirudi kisimani, kiwe kizima, la sivyo kila pampu ikizima safu nzima ya maji inaanguka juu ya changarawe.

Kama kisima chako tayari kinatoa mchanga

Angalia unatoka lini. Ukitoka dakika za kwanza tu kisha ukakoma, tatizo ni kuwasha kwa kishindo. Rekebisha mota na kizuia-kurudi. Ukitoka wakati wote na kuongezeka kadiri unavyovuta, changarawe ni kubwa au haipo. Punguza mlango wa maji mpaka mchanga ukome, kisha uishi na kiasi hicho. Ukija ghafla baada ya miaka ya maji safi, chota mchanga huo, uchunguze: ukikuta humo na punje za changarawe yenyewe, chujio limepasuka au kiungo kimeachia. Zima pampu siku hiyo hiyo. Dawa yake ni kuteremsha ndani bomba dogo la chujio lenye changarawe yake, kama upana unaruhusu, na kukubali maji kidogo.

Chujio la mchanga linalofungwa juu, kabla ya tangi, linalinda mifereji ya nyumba na si zaidi. Mchanga uliofika pale umeshatoka chini ya sakafu yako.

Mwisho wa kazi dai kutoka kwa mchimbaji karatasi yenye kina, mpangilio wa mabomba, ukubwa wa mianya na changarawe, idadi ya ndoo zilizoingia, na vipimo vya jaribio. Iweke pamoja na hati ya kiwanja, na nakala moja mpe fundi wa pampu.